Sura ya Nne: Ubongo kwa Kozi Sita

Kijana ametoka Mwanza au Mombasa kwenda Marekani kusomea uchumi. Mwaka wa pili anapiga simu nyumbani na kusema ameongeza sayansi ya neva kama somo dogo. Maswali yanayofuata hayatofautiani sana toka nyumba hadi nyumba. Umeacha uchumi? Unataka udaktari? Na kama hutaki udaktari, ubongo wa nini? Wanafunzi wenyewe huliuliza swali hilo hilo kwa sura nyingine: kozi sita zitamfundisha mtu nini cha maana kuhusu kiungo ambacho hata waliokichunguza maisha yao yote bado wanakipapasa gizani?

Ni swali la haki, na majibu yanayotolewa kwa kawaida ni mepesi mno. Vijitabu vya vyuo husema somo dogo hupanua upeo. Washauri wa masomo husema linapendeza kwenye wasifu wa kuombea kazi. Jibu la kwanza laweza kusemwa kuhusu somo lolote, hata historia ya ufinyanzi. La pili lina ukweli mdogo, kama tutakavyoona. Hoja ya sura hii ni nyembamba zaidi. Somo dogo la sayansi ya neva humfaa kweli mwanafunzi anayelijia na swali kutoka somo lake kuu, na anayekubali kozi zake kavu za mbinu na takwimu badala ya kuokota zile tamu peke yake. Akikosa vyote viwili, atatoka chuoni akidanganyika kirahisi kama ambaye hakusoma, ila sasa anajiona anajua.

Somo dogo ni kitu gani

Katika vyuo vikuu vya Marekani mwanafunzi wa shahada ya kwanza hukusanya krediti, yaani alama zinazopima uzito wa kila kozi. Shahada ya miaka minne kwa kawaida hudai krediti 120 hivi, na kozi moja huwa na tatu au nne. Sehemu ya kozi hizo ni ya somo kuu, lile ambalo jina lake hutajwa anapohitimu. Sehemu nyingine ni ya lazima kwa kila mtu, na zinazobaki mwanafunzi huchagua. Somo dogo ni hizo za kuchagua zikiwa zimefungwa pamoja: kozi tano, sita au saba za fani moja, chini ya jina moja, zikaandikwa kwenye nakala ya matokeo. Katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki mwombaji hupokewa moja kwa moja kwenye shahada fulani na ratiba yake hupangwa na idara, ndiyo maana utaratibu huu huonekana nyumbani kama kutangatanga.

Sayansi ya neva nayo ni elimu ya ubongo, uti wa mgongo na neva, zile nyuzi zinazopeleka habari mwilini ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu. Seli zinazofanya kazi hiyo huitwa nyuroni. Somo dogo la fani hii hutofautiana chuo kwa chuo, lakini mifupa yake hufanana:

- utangulizi wa fani, ambao mara nyingi hutanguliwa na biolojia au saikolojia ya mwaka wa kwanza;
- kozi ya seli: nyuroni hupitishaje umeme, na hupokezanaje kemikali;
- kozi ya tabia na fikra: kumbukumbu, usingizi, hofu, lugha;
- mbinu za utafiti, takwimu au maabara;
- moja au mbili za kuchagua, kama vile dawa na ubongo, maradhi ya neva, au ubongo na sheria.

Fani hii inafaa kuwa somo dogo kwa sababu tangu mwanzo ilikuwa njia panda. Watu walichunguza ubongo kwa karne nyingi, lakini kila mmoja kutoka chumba chake: daktari, mwanafizikia, mkemia, mwanasaikolojia. Katika miaka ya 1960 ndipo walipoanza kuitwa kwa jina moja. Francis Schmitt aliwakusanya wa fani mbalimbali katika mpango wake wa utafiti huko MIT mwaka 1962, Jumuiya ya Sayansi ya Neva ya Marekani ikaundwa 1969, na Chuo cha Amherst, Massachusetts, kikawa miongoni mwa vya kwanza kuifundisha kama programu ya shahada ya kwanza, mwaka 1973. Kwa hiyo anayeingia kutoka uchumi au isimu haingii kama mgeni aliyekosea mlango. Nyumba yenyewe ilijengwa na wageni.

Maarifa kidogo yanapogeuka mtego

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya somo dogo haitoki kwa wazazi. Inatoka kwa watafiti wenyewe. Mwaka 2008 Deena Weisberg na wenzake, wakiwa Chuo Kikuu cha Yale, waliwapa watu maelezo mafupi ya mambo ya kisaikolojia. Maelezo mengine yalikuwa mazuri, mengine mabovu, yale ya kuzungukazunguka ambayo hayaelezi kitu. Kisha baadhi ya maelezo hayo yakaongezewa sentensi kuhusu ubongo, kwa mfano kwamba picha zinaonyesha sehemu fulani ya mbele ikihusika. Sentensi hiyo haikuongeza chochote kwenye mantiki. Ilikuwa kama chumvi iliyomwagwa juu ya mawe. Hata hivyo watu wa kawaida waliyaona maelezo mabovu kuwa ya kuridhisha zaidi yalipotiwa ubongo.

Hilo pengine halishangazi. Linalopasa kumsimamisha msomaji wa sura hii ni kundi la pili: wanafunzi wa chuo waliokuwa wakisoma kozi ya sayansi ya ubongo. Mhula mzima wa masomo haukuwakinga. Nao waliyasamehe maelezo mabovu mradi yametaja ubongo. Waliokingika ni kundi la tatu, wataalamu, ambao maneno ya ubongo yasiyo na kazi yaliwaudhi badala ya kuwavutia. Ni haki kuongeza kwamba dai la jirani, kuwa picha yenyewe ya ubongo ikiwekwa kando ya maandishi huwashawishi wasomaji, lilipungua sana nguvu liliporudiwa na watafiti wengine mwaka 2013. Picha basi haina uchawi mwingi kama ilivyodhaniwa. Maneno ndiyo yanayofanya kazi.

Ushahidi wa pili unaelekea upande huo huo. Mwaka 2012 Sanne Dekker na wenzake waliwauliza walimu 242 wa Uingereza na Uholanzi kuhusu uzushi unaoenea juu ya ubongo: kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, kwamba kuna watu wa upande wa kushoto na wa kulia, kwamba kila mtoto ana mtindo wake wa kujifunza, wa macho au wa masikio, na afundishwe kwa huo. Kwa wastani walimu waliamini karibu nusu ya uzushi waliowekewa mbele. Na waliojua mambo mengi ya kweli kuhusu ubongo walielekea kuamini uzushi mwingi zaidi, si mchache. Ukitafakari, si kioja. Anayependa habari za ubongo husoma kila kinachoandikwa juu yake, na kama hana chujio, hubeba pumba na mchele katika kikapu kimoja.

Je, basi kozi nyingi zaidi husaidia? Kiasi. Uchunguzi uliofanywa Marekani na kuchapishwa 2017 ulilinganisha makundi matatu: watu wa kawaida, walimu, na watu waliosoma kozi nyingi za ubongo chuoni. Wa kwanza waliafiki asilimia 68 ya uzushi, wa pili asilimia 56, wa tatu asilimia 46. Kushuka kupo, lakini waliosoma nao bado walimeza karibu nusu. Ule wa mitindo ya kujifunza uliwashinda wengi wao kabisa.

Kwa ufupi: kujua majina ya sehemu za ubongo hakumpi mtu uwezo wa kupima dai linalozitaja. Ni ujuzi mwingine, na una kozi zake.

Samaki mfu na supu ya ubongo

Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walinunua samaki aina ya salmoni, aliyekwisha kufa, wakamlaza kwenye mashine ya MRI na kumwonyesha picha za watu. Samaki akaulizwa, kwa utaratibu ule ule wanaoulizwa binadamu, watu hao wanahisi nini. Hesabu zilipofanywa kwa njia ya pupa iliyokuwa bado ikitumiwa na baadhi ya watafiti, vidoa vichache ndani ya ubongo wa marehemu vilionekana kufanya kazi. Mwaka 2012 walipewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti unaochekesha kwanza kisha ukafikirisha.

Kuelewa mzaha huo ndiko hasa anakolipia mwanafunzi wa somo dogo, hata kama hajui. Kwanza lazima ajue mashine hupima nini. MRI ya aina hii haioni fikra wala umeme wa nyuroni. Inaona mabadiliko ya oksijeni katika damu, kwa kuwa sehemu ya ubongo iliyojishughulisha huletewa damu zaidi. Damu hiyo huchelewa kwa sekunde kadhaa, wakati nyuroni hupokezana habari kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Na kipande kidogo kabisa kinachoonekana kwenye picha hubeba nyuroni kwa maelfu mengi. Ni kama kujua kinachozungumzwa Kariakoo kwa kutazama kutoka angani ni mtaa upi umejaa magari ya kuleta chakula. Habari ni ya kweli, lakini ya mbali.

Pili lazima ajue hesabu. Picha moja ya ubongo hugawanywa katika vipande vingi, na kila kimoja huulizwa: je, kimebadilika? Tuseme vipande ni 100,000, na kila kipande kina nafasi 1 katika 1,000 ya kujibu ndiyo kwa bahati tu. Basi vipande kama 100 vitajibu ndiyo hata kama hakuna kinachoendelea humo, hata kama mwenye ubongo ni kitoweo. Anayeuza tiketi za bahati nasibu analijua hili bila kwenda shule: ukiuza tiketi za kutosha, lazima mtu ashinde, na ushindi wake hauthibitishi kwamba alikuwa na nyota. Dawa yake ni kurekebisha hesabu kulingana na idadi ya maswali yaliyoulizwa. Bennett alipofanya hivyo, samaki alinyamaza.

Somo jingine la mbinu linatoka Brazili. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba ubongo wa binadamu una nyuroni bilioni 100. Suzana Herculano-Houzel aliuliza swali la mtoto: nani alihesabu? Hakukuwa na jibu la kuridhisha. Yeye na wenzake wakabuni njia ya kuuyeyusha ubongo mpaka ukawa majimaji, supu kwa lugha ya mapishi, viini vya seli vikielea sawasawa, kisha wakahesabu viini katika matone machache na kuzidisha. Mwaka 2009 wakatoa wastani wa bilioni 86. Ilitokana na bongo nne za wanaume, kwa hiyo nayo si neno la mwisho. Tofauti ya bilioni 14 haibadilishi maisha ya mtu. Lakini mwanafunzi aliyefundishwa kuuliza nani alihesabu, na alihesabu bongo ngapi, amepata kitu ambacho mwenye kukariri idadi mpya hana.

Ndiyo maana kozi ya mbinu ndiyo inayobeba zigo la somo dogo zima, na kwa bahati mbaya ndiyo inayokwepwa. Ni kavu. Haina hadithi ya Phineas Gage, yule msimamizi wa ujenzi wa reli aliyepitiwa na nondo kichwani huko Vermont mwaka 1848, akaishi, na anayesemwa kwamba alibadilika tabia. Hadithi ya Gage husimuliwa karibu kila utangulizi. Kinachosimuliwa mara chache ni kwamba ushahidi wa jinsi alivyobadilika ni mdogo, na kwamba baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi isiyomfaa mtu aliyepoteza utaratibu. Mwanafunzi aliyesoma hadithi bila mbinu ataisimulia vizuri sana, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Swali litoke kwenye somo kuu

Sharti la pili ni swali. Anayesomea sayansi ya neva kama somo kuu ana miaka ya kulitafuta. Mwenye kozi sita hana muda huo. Lazima aje nalo mkononi. Uzuri ni kwamba masomo mengi yanalo tayari.

Mwanafunzi wa isimu anaweza kuja na swali ambalo mwenzake wa biolojia hatalifikiria kamwe. Mwaka 1861 Paul Broca alieleza habari za mgonjwa wa Paris aliyebakiwa na silabi moja tu ya kutamka, "tan", na ambaye baada ya kufa alikutwa na uharibifu upande wa kushoto wa mbele wa ubongo. Tangu hapo hali ya kupotewa na lugha kwa sababu ya ubongo kuumia, iitwayo afasia, imechunguzwa sana, ila zaidi katika lugha chache za Ulaya. Wasemaji wa Kiingereza wenye afasia ya aina ya Broca mara nyingi hudondosha maneno madogo ya sarufi na kubaki na maneno mazito. Sasa mtu atazame neno "hatutawapikia". Ukanushi, mtenda, wakati, mtendewa, kitendo na mnyambuliko vyote vimo ndani ya neno moja. Hakuna neno dogo la kudondosha. Msemaji wa Kiswahili aliyepata kiharusi mahali pale pale atapoteza nini, na kwa mpangilio gani? Hili ni swali la isimu kabla halijawa la neva, na ni mtu wa isimu tu atakayejua kuliuliza vizuri. Kozi sita zinamtosha kujua aulize wapi na apime vipi.

Mwanafunzi wa lishe au kilimo ana konzo. Ni ugonjwa unaopooza miguu ghafla, hasa kwa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na ukishampata mtu hautoki. Daktari Giovanni Trolli aliuandika mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo. Jina la ugonjwa ni la Kiyaka na linabeba maana ya miguu iliyofungwa. Tanzania iliuona Tarime katika miaka ya 1980, wakati wa ukame. Unahusishwa na muhogo mchungu uliotayarishwa harakaharaka njaa inapobana, bila kuloweka na kukausha kwa kutosha, ukabaki na sumu ya sianidi, huku mlo wenyewe ukiwa na upungufu wa protini. Zinazoumia ni nyuroni zinazoshuka kutoka ubongoni kuamuru misuli ya miguu. Kwa kuwa hakuna tiba ya kuzirudisha, kazi yote iko kabla ya ugonjwa, yaani jikoni. Njia moja iliyobuniwa ni kulowanisha unga wa muhogo, kuutandaza kwa wembamba juani saa mbili au kivulini saa tano ili gesi ya sianidi iruke, kisha kusonga ugali kama kawaida. Mtaalamu wa lishe anayeelewa kwa nini nyuroni hizo hazirudi hatapoteza miaka akingoja kidonge. Mtaalamu wa neva asiyejua muhogo hupikwaje atafika na mashine mahali palipohitaji jamvi.

Afya ya jamii nayo ina kifafa, ambacho Shirika la Afya Duniani linakadiria huwapata watu milioni 50, karibu asilimia 80 yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Huko Mahenge, Tanzania, kifafa kimechunguzwa tangu miaka ya 1960, na uhusiano wake na minyoo ya usubi bado unafuatiliwa. Maswali hapo ni ya inzi, aibu na umbali wa zahanati, sawasawa na ya umeme wa ubongo.

Sayansi ya kompyuta ipite haraka kwa kuwa wengi wanaijua. David Hubel na Torsten Wiesel waligundua, kwenye ubongo wa paka, seli zinazoitikia mistari ya mwelekeo fulani tu; Kunihiko Fukushima akalichukua wazo hilo mwaka 1980 kujenga mtandao wa kompyuta wa kutambua maumbo, na wajukuu wa mtandao huo ndio wanaotambua nyuso kwenye simu. Somo dogo linamfaa mwanakompyuta kwa kumwonyesha pia kwamba "nyuroni" za mashine zinafanana na za kweli kama mchoro wa samaki unavyofanana na samaki.

Sheria ni mfano wenye miiba. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Roper, ilipiga marufuku adhabu ya kifo kwa makosa yaliyofanywa na mtu kabla hajatimiza miaka 18. Mwaka 2010, katika kesi ya Graham, iliitaja waziwazi sayansi ya ubongo ilipozuia kifungo cha maisha kisicho na tumaini la kuachiliwa kwa watoto ambao hawakuua. Mwanafunzi wa sheria hushangilia, kisha kozi ya mbinu humtia breki. Utafiti wa ubongo wa vijana huzungumzia wastani wa kundi. Unaweza kumsaidia hakimu kutunga kanuni kwa vijana wote. Haumwambii kama kijana huyu aliyesimama kizimbani alikomaa au la. Wakili anayeujua mpaka huo atautumia. Asiyeujua atavuliwa nguo na shahidi mtaalamu wa upande wa pili.

Wanaopinga wana hoja

Pingamizi la kwanza ni la kazi, na kwa mwanafunzi wa kigeni lina uzito zaidi. Mwajiri husoma somo kuu. Hata sheria ya uhamiaji husoma hilo: mwenye viza ya F-1 anayetaka ile ruhusa ya miezi 12 ya kufanya kazi kwa mafunzo, iitwayo OPT, lazima kazi yake ihusiane na somo lake kuu. Nyongeza ya miezi 24 kwa masomo ya sayansi na teknolojia nayo haipatikani kwa nguvu ya somo dogo. Aliyesomea historia akaongeza sayansi ya neva kwa tumaini hilo amepanda gari lisilofika huko. Hapa wanaopinga wameshinda, na ni bora familia ilijue mapema.

La pili ni la udaktari. Wapo wanaochukua somo hili wakidhani ni ngazi ya kuingia shule ya tiba. Shule hizo Marekani hazidai somo kuu maalumu, sembuse dogo. Hudai kozi kama biolojia, kemia na fizikia, alama nzuri, na mtihani wa MCAT. Ni kweli kwamba tangu 2015 mtihani huo una sehemu nzima ya misingi ya kisaikolojia, kijamii na kibiolojia ya tabia, na kozi za neva husaidia hapo. Lakini kozi ya kemia ikiporomoka kwa sababu ya mzigo wa somo dogo, hasara ni kubwa kuliko faida.

La tatu: haya yote yanapatikana bure mtandaoni. Yanayopatikana ni maelezo, tena mazuri, na tumeona maelezo peke yake humwacha mtu wapi. Kisichopatikana kirahisi ni mtu wa kukurudishia kazi na kukuonyesha hesabu ilipoharibika. Ila tusitie chumvi kwamba maabara lazima iwe ya mamilioni. Kifaa kidogo kiitwacho SpikerBox humwezesha mtu kusikia umeme wa neva katika mguu wa mende. Huko Ishaka, magharibi mwa Uganda, wanasayansi wa shirika la TReND in Africa wamefundisha sayansi ya neva kwa kutumia nzi wa matunda, wadudu wanaolishwa kwa senti. Kinachofanya maabara iwe maabara ni kurudia jaribio lililoshindikana mbele ya mtu anayejua kwa nini limeshindikana.

Pingamizi la nne ndilo gumu: kama thamani iko kwenye takwimu, kwa nini mtu asichukue takwimu zenyewe kama somo dogo? Kwa mwanafunzi asiye na swali, hakuna jibu. Achukue takwimu, zitamlipa zaidi. Mwenye swali la ubongo yuko mahali tofauti, kwa sababu takwimu humwambia idadi imekaa vizuri au vibaya, lakini hazimwambii kwamba damu huchelewa nyuma ya nyuroni, au kwamba seli iliyokufa kwa sianidi haioti upya. Na hakuna anayemzuia kufanya kozi moja ya ziada ya takwimu juu ya zile sita.

Kabla ya kujaza fomu

Mwanafunzi anayepima jambo hili anaweza kujiuliza maswali machache, akiwa na orodha ya kozi za chuo chake mezani:

- Swali langu kutoka somo kuu ni lipi, kwa sentensi moja, bila neno "kuvutia"?
- Kati ya kozi hizi, ni ngapi zina maabara au takwimu? Kama ni sifuri, chuo kimenipangia maonyesho.
- Kozi ngapi zinahesabiwa kwenye somo kuu pia? Vyuo vingi huweka kikomo cha kuhesabu kozi moja mara mbili.
- Masharti ya awali yanaongeza kozi ngapi? Sita huweza kuwa tisa pale kemia na biolojia zinapodaiwa kwanza.
- Nikiliacha somo dogo, nafasi hiyo ningeijaza na nini?

Swali la nne ndilo linalowaangusha wengi. Mwanafunzi wa uchumi anayegundua mwaka wa tatu kwamba kozi ya seli inadai kemia ya mihula miwili ama huongeza mhula na ada yake, ama hubadilisha mpango na kubaki na kozi za hadithi tu. Anayetaka kuepuka hayo huanza na biolojia au saikolojia ya mwaka wa kwanza, ambazo kwa kawaida humsaidia kutimiza masharti ya jumla hata akibadili nia, kisha hukata shauri mwaka wa pili. Fomu ya kutangaza somo dogo katika vyuo vingi inaweza kujazwa hata baadaye. Viti vya maabara ni vichache na hujaa mapema, kwa hiyo katika dirisha la usajili hiyo ndiyo kozi ya kubofya kwanza, kabla ya ile ya usingizi na ndoto.